Niulize Mimi, Delmar

Namba ilikuwa thelathini na nane.

Irena Bielak aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaikazia macho. Tarakimu mbili nyeupe za kushonwa kwenye mkono wa shati. Mwezi wa tatu alizishona tarakimu hizohizo kwa mkono wake kwenye mashati ya mwanamume atakayemuoa Oktoba.

"Nani kakupa hii?" aliuliza.

Mdogo wake Roman alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya kioo, suruali mpya ya kijivu imejaa pini kiunoni. Suruali ya mwamuzi wa besiboli anayesimama nyuma ya kibao cha mpigaji hukatwa pana ili ifunike vikinga vya miguu, na Roman, mwembamba kama alivyo, alionekana kama amevaa ya marehemu baba yao. Lakini alikuwa anajichekea kwenye kioo.

"Ligi. Imekuja asubuhi na gari la vifurushi. Shona tu, dada. Kesho kutwa huenda nikaanza kazi Detroit."

"Hii ni namba ya nani, Roman?"

Kicheko kikapungua.

"Ilikuwa ya Delmar."

"Ilikuwa?"

"Si kajiuzulu? Mtu akijiuzulu anaacha namba, anaacha nafasi, anaacha kila kitu. Sikuichagua mimi. Jamaa wa ligi kaniambia, vaa iliyopo, hatuna muda wa kuagiza nyingine."

"Na hiyo 'huenda' ni ya nini?"

"Mwisho wa kuondoa barua za kujiuzulu ni leo, saa kumi na moja, ofisi ya New York inapofungwa. Delmar asipopiga simu, mchezo wa leo ndio wake wa mwisho na nafasi ni yangu. Akipiga, mimi narudi ligi za chini." Roman aliinua mabega. "Hatapiga. Unamjua kuliko mimi."

Irena alichomeka pini nyingine. Ikapita kitambaa, ikafika kwenye nyama.

"Aah! Dada!"

"Samahani," alisema Irena, na moyoni hakuwa na samahani hata kidogo.

Toledo nzima ilikuwa imelisikia sakata lile redioni. Ligi kuu ilitaka kuwabana waamuzi: kuwapima kwa alama, kuwapangia kazi upya, na kuwalazimisha kufuata mpaka mpya wa mpira halali, mpira ambao mpigaji akiuacha anahesabiwa kosa, yaani mpaka wa juu, unaokaribia kifua, ambao waamuzi wakongwe walikuwa hawauiti halali tangu zamani. Wao wakataka kugoma. Mkataba wao ukakataza kugoma kabla ya mwaka kwisha. Basi wakili wa chama chao akawaletea ujanja: msigome, jiuzuluni wote kwa pamoja, ligi itawapigia magoti. Wakasaini ukumbini huku wakipigiana makofi. Ligi haikupiga magoti. Ilisema asante, ikaanza kuwapigia simu vijana wa ligi za chini.

Roman alikuwa mmoja wao. Miaka kumi na mmoja alilala moteli za barabarani, akila mkate wa siagi ya karanga ndani ya gari, akitukanwa katika viwanja vyenye watu mia mbili. Mwakani angetimiza thelathini na tano, na ligi za chini haziweki mwamuzi wa umri huo. Humpa mkono wa kwaheri na kuchukua kijana mwingine.

Irena alijua yote haya. Aliutunga uzi kwenye sindano, ukakatika. Akautunga tena. Mwishowe akairudisha namba kwenye mfuko.

"Hushoni?" Roman aliuliza.

"Nikishona nitakushonea kwenye ngozi. Shuka hapo."

*

Delmar Rudd alifika saa tisa na dakika zake, gari lake la rangi ya vumbi likiwa na begi la kazi kiti cha nyuma. Jioni hiyo alikuwa na mchezo Detroit, mwendo wa saa moja tu kutoka Toledo, na alikuwa ameahidi kupita kumsalimia mama yake Irena, Mama Anna, siku ya jina lake. Kwa akina Bielak, siku ya mtakatifu ambaye mtu kaitwa kwa jina lake huheshimiwa kuliko siku ya kuzaliwa. Usipokuja, wewe si mtu wa nyumba ile.

Irena alimpokea mlangoni. Delmar alikuwa mtu mpana wa mabega, nywele zimeanza mvi pembeni, uso umechomwa na jua la viwanja hadi pale kofia inapoishia. Juu ya mstari huo paji lilikuwa jeupe kama la mgonjwa. Irena alilipenda paji lile jeupe. Alijiona kama yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuliona.

"Umelala?" alimuuliza.

"Nimejilaza."

"Umekula?"

"Nimekunywa kahawa."

"Delmar."

"Najua." Akamtazama. Macho yake ya kijivu yalikuwa yamezoea kukaa mahali pamoja bila kupepesa. Leo yalihangaika, yakaenda dirishani, yakarudi, yakaenda saa ya ukutani. "Una mashaka gani? Umekunja uso."

Alitaka kumwambia palepale kuhusu namba. Badala yake alimvuta kola na kuinyoosha, ingawa haikuwa imekunjika.

Walikutana humohumo, katika duka la ushonaji la Irena lililo mbele ya nyumba, miaka miwili nyuma. Delmar alileta suruali iliyochanika gotini, Irena akapiga magoti na futi yake kumpima, na kwa kutafuta neno la kusema akamuuliza, "Hivi huo mpira halali unaanzia wapi unaishia wapi? Mdogo wangu kanieleza mara mia sielewi." Delmar akasema asimame wima kama mpigaji. Irena akasimama. Delmar akainua mkono mmoja mbele ya kifua chake, mwingine mbele ya magoti yake, wala hakumgusa popote. "Hapa hadi hapa," alisema. Mikono ile ilikaa hewani kitambo kirefu kuliko somo lilivyohitaji. Usiku ule Irena hakulala vizuri, na Delmar, alivyokuja kukiri baadaye, alilipita geti la moteli yake akaenda hadi mji wa pili.

"Mwingize huyo Bwana Moteli!" Mama Anna alipaza sauti kutoka jikoni. "Chakula kinapoa!"

*

Mama Anna alikuwa na miaka sabini na miwili, mfupi, mzito, na jikoni mwake aliketi kwenye kiti kilekile siku zote, mgongo wake ukiegemea ukuta chini ya simu. Hakumtaka Delmar. Sababu alizitaja mbele yake bila aibu: aliwahi kuoa akaachwa, hasali kanisa lao, na hulala nyumbani kwake siku chache kuliko paka.

Delmar alimkabidhi maua. Mama akayahesabu.

"Kumi," alisema. "Kumi ni ya maiti, Bwana Moteli. Mtu aliye hai huletewa maua ya witiri." Akachomoa moja, akamrushia Irena. "Hilo lako. Kaeni mle."

Mezani kulikuwa na pierogi, sambusa za kuchemsha za Kipolandi zenye viazi na jibini, zinazong'aa siagi, soseji, kabichi ya kuchachuka, na keki tayari imekatwa. Roman alikuwa ameshaketi na bia yake. Wanaume wale wawili walisalimiana kwa kichwa. Walipendana, kwa kweli. Delmar ndiye aliyemfundisha Roman kusimama kidogo kushoto kwa mdakaji, mchezaji anayechuchumaa mbele ya mwamuzi, na kutochelewesha mkono.

"Shemeji," alisema Roman.

"Roman."

"Leo uko kibaoni?"

"Niko kibaoni."

"Utauita ule wa juu?"

Delmar alichukua pierogi. "Miaka kumi na saba mpira halali kwangu unaishia kwenye mkanda wa kiuno. Hakuna mrushaji aliyelalamika."

"Wapigaji ndio hawajalalamika. Sheria inasema kifuani, shemeji. Imeandikwa."

"Iliandikwa na watu wasiowahi kusimama pale."

"Ndiyo maana wanataka watu wanaosoma kilichoandikwa!"

"Roman," alisema Irena.

"Nimesema nini? Tunazungumza kazi. Mama, si tunazungumza kazi tu?"

"Mnazungumza na chakula kinalia," alisema Mama Anna. "Roman, mwambie Bwana Moteli habari yako. Tangu asubuhi unanidokeza una habari, husemi. Leo ni siku yangu. Nipe zawadi."

Irena aliweka uma chini. Alimtazama mdogo wake, akatikisa kichwa polepole. Roman alimwona. Uso ukamwiva, akanywa bia, akaweka glasi.

"Nimeitwa ligi kuu, Mama."

"Yesu na Maria!" Mama Anna alijishika kifua. "Mtoto wangu! Lini? Wapi?"

"Kesho kutwa. Detroit. Kama... kama mambo yatakwenda sawa."

Uma wa Delmar ulisimama katikati ya sahani na mdomo. Kikosi cha waamuzi wa Detroit wiki ile kilikuwa kikosi chake. Watu wanne, majina manne, na watatu walikuwa wameshaondoa barua zao.

"Kwa namba gani?" Delmar aliuliza kwa upole.

Roman akatazama kabichi.

"Thelathini na nane," alisema Irena. Heri atamke yeye.

Mama Anna aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa alikuwa mjane wa mtu wa chama cha wafanyakazi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Marehemu mumewe alifanya kazi kiwanda cha magari. Mwaka wa mgomo mkubwa ndugu yake wa damu, Henryk, alivuka mstari wa wagomaji akaingia kazini, na tangu siku ile hadi anazikwa, Henryk hakula tena katika jikoni ile.

Mama aliinuka nusu, akanyoosha mkono, akaivuta sahani ya Roman kutoka mbele yake.

"Mama!"

"Msaliti hali mezani kwangu. Unalijua hilo tangu unanyonya."

"Msaliti wa nini? Mama, sikiliza! Hawakugoma! Kama wangegoma nisingekanyaga pale, haki ya Mungu. Wamejiuzulu! Kwa saini zao! Mtu akijiuzulu, kazi haina mwenyewe. Nimemnyang'anya nani?"

"Umemnyang'anya huyu."

"Huyu huyu usiyemtaka! Huyu unayemwita Bwana Moteli!"

"Simtaki kwa binti yangu," alisema Mama Anna. "Kazi yake sijasema asiwe nayo."

"Basi na aichukue!" Roman alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Simu hiyo hapo, shemeji, juu ya kichwa cha Mama. Piga. Waombe radhi. Mimi nitarudi kula mkate kwenye gari."

Mama akamgeukia Delmar haraka. "Na wewe ukipiga, utakuwa umewaacha wenzako nje. Anayerudi nyuma na anayevuka mstari, kwangu ni baba mmoja mama mmoja. Simu yangu haifanyi kazi hiyo."

Delmar aliweka uma wake mezani kwa uangalifu. Akasema samahani. Akatoka nje kupitia mlango wa nyuma.

*

Irena alimkuta kwenye ngazi za nyuma, mbele ya vitalu vya nyanya, anazungusha kofia mikononi. Alikaa ngazi moja juu yake.

"Ulijua," alisema Delmar.

"Asubuhi hii. Nilikuwa naitafuta njia ya kukwambia."

"Angekuwa mtu mwingine yeyote. Angekuwa mjinga yeyote wa Iowa. Lakini Roman."

"Piga simu, Delmar."

"Nikipiga, wamemmaliza. Mwakani wanamtupa."

"Na usipopiga?"

"Kesho sina kazi."

"Na Oktoba?"

"Oktoba nitakuwa mtu asiye na kazi anayekuoa."

"Mimi sikukupendea kazi."

"Najua. Lakini mimi sijui kitu kingine, Irena. Tangu nina miaka ishirini na miwili najua kitu kimoja, kuinua mkono na kuuacha juu. Ukiita, umeita. Watu elfu arobaini wakuzomee, kocha akutemee mate kwenye viatu, hubadilishi. Siku ukibadilisha, hakuna atakayekuamini tena." Aliigeuza kofia. "Niliita ile siku ukumbini. Nilisaini. Sasa nipige simu niseme nilikosea?"

"Ulikosea?"

Ndege mdogo alitua kwenye mche wa nyanya, akaruka.

"Nakuuliza, Delmar. Usiku ule unasaini, ulikuwa unaona vizuri?"

"Hapana." Neno lilimtoka kama jino. "Watu walikuwa wanapiga makofi. Sikuona chochote. Nilifumba macho nikainua mkono."

Irena alimtazama kisogo. Jasho lilikuwa limeloanisha kola ile aliyoinyoosha. Alitamani kuweka kiganja pale, na papo hapo alitamani kumzaba kofi.

"Unajua utakavyokuwa?" alisema. "Utakaa nyumbani kwangu, utanitengenezea rafu, utapaka rangi uzio. Krismasi Roman atakuja na hadithi za viwanja vyako. Utacheka naye. Utamkatia nyama. Na usiku utalala umenipa mgongo. Wewe huna kelele, Delmar. Utanichukia kimyakimya, miaka ishirini, na mimi sitajua hata siku ulipoanza."

"Sitakuchukia."

"Utaondoka basi."

Hilo hakulikana.

"Niambie nipige," Delmar alisema. "Sema, nami nitapiga."

"Aa! Ili siku moja useme ni mimi?"

"Sikusema hivyo."

"Unataka mtu akuamulie, ila hutaki ionekane umeomba!" Alishuka ngazi, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, ua la Mama Anna bado limechomekwa kwenye aproni. "Nieleze kitu. Wewe uko kibaoni. Mpigaji kaanza kuzungusha gongo, akalizuia. Mdakaji kakuziba, hukuona kama gongo limepita kibao au halikupita. Unafanya nini? Unafumba macho unainua mkono?"

"Hapana. Namuuliza mwamuzi wa pembeni."

"Vipi?"

Delmar alimtazama kwa mashaka. "Unajua vipi. Namnyooshea kidole. Yeye ameona kutoka pembeni. Akifunga ngumi, limepita, mpigaji amekosea. Akipanua mikono, halikupita."

"Na akijibu usivyopenda?"

"Ni hivyohivyo. Ukishamuuliza, neno ni lake."

"Na watu hawakuamini tena?"

"Hapana. Hiyo... hiyo si kubadilisha. Hiyo ni kuuliza. Kila mwamuzi huuliza."

"Niulize mimi, Delmar."

Ndani, sahani ziligongana mezani.

"Hujui unachokiomba," alisema Delmar. "Ukishaulizwa, jibu linakuwa lako. Si langu wala la Mama yako. Roman atakutazama wewe."

"Ndiyo. Kwa hiyo usiniulize hapa kwenye nyanya. Niulize mbele yake."

Delmar aliinuka. Wakawa wamesimama karibu sana, karibu kuliko siku ile ya futi. Alimshika usoni kwa mkono mmoja, mkono mkubwa, mgumu, unaonukia ngozi ya begi lake, na Irena akafumba macho kidogo tu. Akayafungua kwa nguvu.

"Twende," alisema. "Kabla sijaogopa."

*

Roman alikuwa ameokota kiti lakini hakuwa amekikalia. Mama Anna alikuwa bado chini ya simu yake, mikono imekunjwa. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi na robo, na Delmar alitakiwa awe njiani tayari.

Delmar alisimama upande wa jiko. Irena akaenda upande wa pili, karibu na mlango wa dukani. Kati yao palikuwa na meza, pierogi, na mdogo wake.

"Mnafanya nini?" Roman aliuliza.

Delmar aliunyoosha mkono wa kushoto, wote, kidole kikimlenga Irena, kama anavyomlenga mwenzake mbele ya uwanja mzima.

Roman alielewa kabla Mama hajaelewa. Irena aliona rangi ikimtoka.

"Hapana," alisema Roman. "Dada. Hapana. Usikubali kuulizwa hivyo. Shemeji, shusha mkono, huo si mchezo!"

Mkono haukushuka. Irena alimtazama mdogo wake. Aliuona uso aliouosha tope utotoni. Aliziona moteli zote zile. Alijua kwamba akipanua mikono, Roman atambeba juujuu jikoni humu, na Delmar atavaa kofia yake na kusema asante, na atamwoa Oktoba kwa adabu. Akifunga ngumi, Roman atamchukia kwa kelele. Kelele huchoka. Alimtazama Delmar, macho yale ya kijivu yaliyotulia kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Aliinua mkono wa kulia. Akafunga ngumi.

"Limepita," alisema. "Ulikosea. Piga simu."

Roman akakikalia kile kiti.

"Nini? Amesema nini?" Mama Anna alidai. "Hiyo ngumi ni ya nini?"

"Amesema Delmar arudi kazini, Mama," alisema Roman. "Na mimi nibaki nilipo."

Wote wakamgeukia mwanamke yule mzee na ile simu juu ya kichwa chake. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Akamtazama mwanawe. Akashika ukingo wa meza, akajiinua kwa taabu.

"Sisogei kwa ajili ya mtu anayerudi nyuma," alisema. "Nasogea kwa sababu keki inaungua."

Keki ilikuwa mezani, imekatwa vipande.

Delmar alipiga. Alitaja jina, akalitaja tena herufi moja moja. "Ndiyo. Naondoa barua yangu." Akasikiliza. "Nasubiri." Wakasubiri wote. Irena alihesabu miraba ya kitambaa cha meza, akapoteza hesabu, akaanza upya. Waya wa simu ulikuwa umejizungusha kwenye kidole cha Delmar mpaka ncha ikawa nyeupe. "Ndiyo, nipo... Nimeelewa. Asante." Akautundika mkono wa simu.

"Nimebaki," alisema.

Hakuna aliyempongeza. Mama Anna alirudisha sahani mbele ya Roman, akaongeza pierogi mbili. Roman hakuzigusa. Alimbusu mama yake paji la uso, akamtakia siku njema ya jina, akaelekea mlangoni. Alipofika kwa Delmar alisimama.

"Ule mpira wa juu, shemeji. Uite."

"Roman..."

"Uite! Watakuwa wanakuvizia kuanzia leo. Ukiringa na mkanda wako, watakufukuza mwezi ujao, na mimi nitakuwa nimekosa bure. Kifuani. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kama unajua aibu, uite."

Irena alimfuata hadi barabarani. Roman alikuwa ameshaingia garini, kioo kimeshushwa, mikono yote miwili juu ya usukani. Hakuwasha.

"Miaka kumi na mmoja, dada."

"Najua."

"Ungepanua mikono tu. Hivi." Akaipanua mikono yake ndani ya gari dogo lile, kiganja kimoja kikagonga kioo. "Rahisi tu."

"Ndiyo."

"Unafurahi?"

"Hapana."

Roman alimtazama, akahakikisha.

"Vizuri," alisema. "Kaa hivyohivyo kwa muda. Usinipigie simu, nitakupigia mimi." Akawasha, akaondoka bila kuangalia nyuma, na Irena akabaki katikati ya barabara hadi jirani alipompigia honi.

*

Delmar alikuwa kwenye ngazi za mbele, hajui mikono aiweke wapi.

"Nimechelewa," alisema. "Ni lazima niende. Nitakupigia baada ya mchezo."

"Nakuja."

"Wapi?"

"Detroit. Nataka kuketi nikutazame."

"Irena, hujawahi kuja. Nilikwambia usije kamwe. Watanitukana. Leo watanitukana zaidi. Na wenzangu wa chama ambao hawakuondoa barua hawatanipa mkono tena."

"Basi na mimi nisikie. Mimi ndiye niliyeita."

Aliingia garini kabla hajabishiwa. Delmar akaendesha. Walipita kiwanda, wakapita daraja, wakaingia barabara kuu ya kaskazini, hewa ya moto ikipiga vioo, na wote wawili hawakutulia. Irena alifungua redio, akaizima. Delmar alibadili njia bila sababu, akarudi.

"Sikiliza," Irena alisema ghafla, macho mbele. "Usinishukuru."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema. Ukinishukuru kwa nilichomfanyia Roman, nitashuka hapahapa."

"Sitakushukuru."

"Leo wala kesho. Wala siku ya harusi."

"Sawa."

Wakavuka mpaka wa Michigan. Delmar akafungua mdomo, akaufunga. Akakohoa. Akamtazama kwa pembeni, akarudisha macho barabarani.

"Irena."

"Nimesema usiseme!"

"Si hilo."

"Ni nini basi?"

"Umevaa sapatu za ndani."

Alitazama chini. Kweli. Sapatu za manyoya, za waridi, moja imetoboka kwenye kidole gumba. Alizitazama kwa muda. Kisha uso ukamkunjamana, na alichodhani ni kicheko kikatoka kilio, kikubwa, cha sauti, cha kumlilia mdogo wake mbele ya mtu ambaye kwa ajili yake aliilipa gharama ile. Delmar akawasha taa ya pembeni ili asimame.

"Usisimame," alisema Irena, akijifuta kwa aproni. "Endesha, utachelewa."

Delmar akaizima taa, akakanyaga mafuta.